Shoka Linalosikia Hodi

10 Februari 1991

Kaka,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Baba, na ya tatu mpe Shangazi kwa mikono miwili asije akasema nimemsahau. Mimi ni mzima. Jino linanisumbua upande mmoja lakini natafuna upande wa pili, kwa hiyo sina la kulalamika. Kazi ni ileile ya ndani: kufua, kupiga pasi, kupiga deki ngazi za ghorofa tatu ambazo nazijua kwa magoti kuliko kwa miguu, na kumpikia uji mzee wa nyumba hii. Ni kazi nyepesi.

Sasa nisikilize. Yule dereva wa lori la mbao, mwenye kitambi, aliyenileta huku, atapita kwenu mwezi ujao. Nimempa mzigo wako. Umo ndani ya gunia, nimelishona mwenyewe kwa sindano ya magodoro, na asikudanganye kwamba lilifumuka lenyewe njiani. Ni msumeno wa mashine, kaka. Si mpya, ulikuwa wa mtunza bustani wa jirani, lakini fundi ameupima mbele yangu na ukanguruma mpaka watu wakatoka nje kutazama kuna nini. Mti ambao wewe na shoka lako mnagombana nao asubuhi nzima, huu unaupita kama kisu kwenye sabuni.

Nakumbuka ulivyokuwa ukishindwa kushika kijiko jioni baada ya kukata. Ulikuwa unajifanya huna njaa ili tusione. Nataka uzeeke ukiwa na vidole, na muda utakaobaki ukae na Baba, uniandikie barua ndefu badala ya hizi zako zinazofanana na risiti.

Halafu muulize Baba, kulikoni. Zamani alikuwa lazima aandike mstari mmoja chini ya barua yako, hata wa kunigombeza tu. Barua kadhaa sasa sijauona. Nimemkosea nini?

Mdogo wako,
Chiriku, kama unavyoniita


3 Aprili 1991

Chiriku,

Marahaba. Baba kaipokea shikamoo yako. Shangazi naye kaipokea, kisha akauliza kama hukutuma na kitu kingine pamoja nayo. Miguu imemvimba tena, anatembea kwake kwa kushika ukuta, ila mdomo hauna uvimbe wowote.

Mzigo umefika. Dereva aliuteremsha kwa mikono miwili kama anashusha mgonjwa, akasema dada yako kanitisha sana. Nimefungua gunia, nikatazama, nikafunga. Ni kitu cha maana. Ahsante, na ulijua sitasema zaidi ya hapo.

Kazi ipo. Mwenye bekari amejenga tanuri la pili na anataka kuni mara mbili ya zamani, kavu, zote ziwe zimefika kabla ya Oktoba. Akasema asipozipata kwangu atazitafuta kwingine. Alisema akicheka, kwa hiyo sijui.

Baba mzima. Anakula vizuri. Kuhusu mstari wake, macho yake siku hizi hayaelewani na kalamu.

Huyo mzee wa nyumba yenu anaumwa nini, mtu mzima kupikiwa uji kila siku?

Kaka yako


28 Aprili 1991

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea mpishi wa nyumba ya jirani na tumecheka mpaka akaunguza kitunguu. Umefungua, ukatazama, ukafunga. Huo ni msumeno, si bibi harusi.

Tafadhali, uutumie. Fundi alisema ukikaa bila kuwashwa mafuta yanaganda ndani na unakuwa chuma tu. Petroli uichanganye na oili, kidogo tu, usimimine kama unamimina mchuzi. Mnyororo ukilegea kaza. Uvae viatu vya kufunika vidole, si zile kandambili zako. Na mwenye bekari mwambie hata akijenga tanuri la tatu, kuni zipo. Shamba lote lile la mikaratusi Baba alilipanda ili litulee, sasa lina mashine.

Nimefurahi sana, kaka. Kila nikiinama kwenye ngazi hizi nakuona wewe umenyooka.

Ila macho ya Baba nimeyafikiria. Macho yaliyokuwa yanaona mkia wa panya juu ya dari? Mpeleke kwa daktari wa macho, usikae tu. Mimi nipo salama. Uji mzee anaupenda, basi.

Uniambie ulikata miti mingapi siku ya kwanza. Nataka nijisifu.

Chiriku


30 Juni 1991

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa. Kazi ilikuwa nyingi na Baba alipata homa kidogo, imekwisha. Shangazi anakusalimu. Paka wako wa zamani amezaa ndani ya kapu la Shangazi na Shangazi anasema hao ndio wajukuu pekee atakaowapata kutoka nyumba hii, akinitazama mimi.

Kuni za bekari nazikata. Nakata kwa shoka. Mashine inapumzika kwanza. Usiwe na wasiwasi nayo, nimeifunga vizuri, panya hawafiki.

Mwenye bekari amekuja mwenyewe shambani. Alihesabu matita, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nimesikia kwamba kuna watu wana mashine siku hizi. Nikamwambia nimesikia.

Nimebadilisha mpini wa shoka. Wa sasa ni mwepesi, lakini unateleza ukiwa na jasho.

Kaka yako


19 Julai 1991

Kaka,

Shikamoo.

Leo sitakuuliza habari za paka. Nimepata barua ya Shangazi, kaandikiwa na karani wa bekari, na kwa kuwa karani ni mtu mwenye aibu nadhani nusu ya maneno aliyaacha. Yaliyobaki yamenitosha. Anasema mashine yangu iko chini ya kitanda chako ndani ya gunia lake kama maiti isiyo na ndugu. Anasema watu wanakucheka barabarani, kwamba dada kaleta mashine na kaka kalikumbatia shoka. Anasema viganja vyako vimepasuka na unavifunga matambara, na kwamba mwenye bekari ameanza kuongea na mtu mwingine. Halafu mwishoni, kama mtu anayekumbuka kusema kwaheri, anasema: "Na Baba yenu si yule tena, muombeni Mungu."

Si yule tena vipi? Ni nani basi?

Mimi nilifikiri umekataa kwa kiburi. Nikasema, kaka anaona haya kusaidiwa na mwanamke, nikakutukana peke yangu huku napiga pasi, nikaunguza shati la watu. Sasa sijui tena nifikiri nini. Wewe si mtu wa kiburi. Wewe ni mtu wa kunyamaza, na hilo ni baya zaidi. Ulinyamaza Mama alipougua mpaka nikaja kusikia kwa mjomba, nikakuta kaburi tayari limeota majani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii sitakusamehe.

Kwa nini shoka? Niambie, hata kama jibu ni la kipumbavu. Na Baba ana nini?

Mdogo wako


11 Agosti 1991

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama, ikanigombeza vilevile. Nitakwambia. Nimeanza mara nyingi na kuchana.

Sheria ya Baba unaikumbuka. Mtu haingii shambani mti unapokatwa kabla hajasimama kwenye kisiki cha mpakani akaita "Hodi mtini", na akasubiri. Mkataji akisikia anasimamisha shoka, analigeuza upande wa kisogo, anagonga shina mara mbili. Ndipo unapita. Hujajibiwa, hupiti, hata kama chakula ulichobeba kinapoa, hata kama nyumba inaungua. Wewe ulichapwa kwa hilo na mimi nilichapwa kwa hilo, na sababu tuliijua: Baba mdogo alipita bila kujibiwa, na mti ukamwangukia, akafa. Katika mashamba yote ya miti huku hakuna nyumba nyingine yenye sheria hiyo. Watu walikuwa wanatucheka, eti hawa wanabisha hodi porini.

Sasa Baba amesahau, Chiriku. Ilianza kidogo kidogo nikadhani ni uzee. Jina langu hana tena. Ananiita kwa jina la Baba mdogo na mimi naitika, maana nisipoitika analia. Hajui kama amekula. Alipokuwa anashika kalamu kukuandikia ule mstari, alikuwa ananiuliza anamwandikia nani, nikimwambia anaona aibu, anaiweka chini. Nikaacha kumpa. Ndiyo macho niliyokuandikia.

Lakini hodi hajaisahau. Kila siku akiona sipo, anamtoroka Shangazi, na kumtoroka Shangazi mwenye miguu ile si kazi, anakuja shambani kumtafuta mdogo wake. Anafika kwenye kisiki, anaita. Nasikia, nagonga mara mbili, anaingia. Anakaa kwenye gogo ananikosoa ninavyosimama, na kwa hilo yuko sawasawa, hajasahau hata kidogo. Tukimaliza tunarudi wote. Hivyo ndivyo nilivyokuwa namtunza na kazi inakwenda. Shoka lina nafasi kati ya pigo na pigo. Humo ndimo ninamosikia.

Mwezi wa tano niliitoa mashine yako. Nilikuficha hilo. Ilikata, Chiriku, ilikata kama ulivyosema. Mti wa kwanza nilicheka peke yangu. Mikono haikuuma. Nikaangusha mwingine, na mwingine, mvua ikaanza nikaona ni mvua tu, nimalize mstari ule. Nilipozima kuongeza mafuta masikio yalikuwa bado yananguruma. Nikageuka.

Baba alikuwa kwenye kisiki. Shati limemganda mwilini, maji yanamtoka kidevuni, na mdomo wake unafunguka na kufungika. Alikuwa bado anaita. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibaki pumzi. Alitoka kwa Shangazi kabla ya mvua, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka vijito vimefanyika katikati ya miti. Muda wote huo hakujibiwa, kwa hiyo hakupita. Na hakurudi nyumbani, maana mdogo wake alikuwa ndani.

Niligonga shina kwa ngumi, sikuwa na shoka. Akaja. Akanishika uso kwa mikono yake miwili ya baridi, akasema, "Nilijua umekufa. Mbona hunijibu?"

Hiyo ndiyo homa niliyokuandikia kidogo. Kifua chake mpaka leo kinakoroma.

Nilijaribu kuitumia tena kwa akili. Nakata kidogo, nazima, nasikiliza, nawasha. Nikikata nawaza kisiki, nikizima nawaza mti. Siku moja upanga wa mashine ulinirukia ukachana suruali toka goti hadi chini. Hakuna anayekata mti huku anatazama nyuma. Nikairudisha chini ya kitanda, nikashika shoka, na watu wakacheka. Wacha wacheke. Sikuweza kumweleza mwenye bekari kwamba kuni zake zinachelewa kwa sababu mzee wangu anabisha hodi.

Sasa siwezi kuwahi Oktoba. Nakata tangu kunapambazuka na bado rundo ni nusu. Nikiongeza kasi sisikii, nikisikia siendi. Nimefikiria kila upande nimekwama.

Sijawahi kukuomba kitu. Njoo. Hata miezi mitatu tu, ukae naye mimi nikate. Njoo, mdogo wangu.

Kaka yako


2 Oktoba 1991

Kaka,

Shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa inasema nakuja.

Nilimwomba mama mwenye nyumba. Nilimkuta anachambua maharage, nikamweleza yote, hata kisiki nilimweleza. Hakunifokea. Aliweka sinia chini akaniuliza, "Sasa nani atakaa na baba yangu?" Kaka, ni swali lako lilelile, na mimi mmoja. Akasema nikiondoka hataweza kunishikia nafasi, siku hiyohiyo anatafuta mwingine, kwa sababu mzee hawezi kuachwa. Unaelewa ninachokwambia? Baba wa mtu hawezi kuachwa, ndiyo maana siwezi kuja kwa baba yangu.

Nilifunga mzigo hata hivyo. Halafu nikakaa juu yake nikapiga hesabu za akili tu: ninachotuma ndicho dawa ya Shangazi, ndicho unga wenu miezi ambayo bekari inachelewesha. Nikija tutakuwa wanne tunatazamana. Nikaufungua mzigo. Nimelia sana, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Nisamehe kwa mashine. Nilitaka kukupunguzia na nikakuongezea. Nilimtumia Baba mvua ndani ya gunia.

Nimewaza mambo, usiyacheke. Mfungie kengele shingoni, au kiunoni, uisikie akiwa mbali. Mhamishe kabisa kwa Shangazi na umlipe msichana wa jirani awe anamkimbilia. Washa mashine akilala mchana. Mpe kazi, akae anasuka kamba. Mwambie mwenye bekari ukweli, naye ana mama mzee, nimemwona kanisani zamani akimshika mkono.

Nijibu haraka. Nakaa karibu na mlango kila mtu wa posta anapopita na baiskeli yake, mpaka ameanza kudhani nampenda.

Chiriku


20 Novemba 1991

Mdogo wangu,

Marahaba. Usiombe radhi kwa mashine. Ulichotuma ni upendo, mimi ndiye niliyekosa masikio ya kuutumia.

Kengele nilimfungia. Baba aliivua akaenda kumfungia mbuzi wa Shangazi, na siku nzima nikawa namgongea mbuzi shina mara mbili. Nilicheka siku hiyo, nikatamani ungekuwepo. Msichana wa jirani alikaa wiki moja, Baba akamdhania mwizi akamtupia kibuyu, mama yake akaja kumchukua. Kulala mchana halali. Kamba alisuka vizuri sana, akamaliza, akaondoka nayo kuja kumtafuta mdogo wake. Mwenye bekari nilimwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho na macho yakamlengalenga. Akasema pole sana. Akasema na yeye ana matanuri mawili na watu wanasubiri mkate.

Kazi amempa mtu mwenye mashine nne. Anakata ng'ambo ya mto, mbali, mtu anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Huyo mtu alinifuata nyumbani. Alisikia nina mashine yangu mwenyewe, akasema mwenye mashine yake anaanza kesho. Nilimwambia nitafikiria. Shangazi akaniita ndani, akanionyesha sufuria yake, haikuwa na kitu. Hakusema chochote, na unajua Shangazi akikosa la kusema mambo yamefika wapi.

Kwa hiyo nimeitoa chini ya kitanda. Nimeinoa meno. Naanza Jumatatu.

Shangazi hawezi tena kumfuata Baba, hawezi hata kufika uani kwake. Na Baba hatakubali kukaa. Atakwenda shambani, atasimama kwenye kisiki aite, na mimi nitakuwa ng'ambo ya mto. Hakuna wa kumjibu. Atasimama hapo mpaka giza, mpaka mvua, mpaka aanguke.

Nimeweka komeo kwenye mlango wa chumba chake. Kwa nje.

Niliogopa kuliweka akiwepo, nikasubiri alale, na kama nilivyokwambia halali. Akatoka kutazama ninachofanya. Alifurahi kuona kazi ya mbao. Alinishikia komeo lisiteleze huku natoboa, akapitisha kidole kwenye matundu, akachukua skrubu moja akaitazama juani. Akasema, "Hizi fupi. Mtu akisukuma kwa nguvu zitang'oka."

Nikatafuta ndefu. Alinishikia mpaka ya mwisho, kisha akalijaribu kwa mkono wake, akasema nimefanya kazi nzuri.

Chiriku, mimi sina mtu mwingine wa kumuuliza. Nifanyeje?

Kaka yako


9 Desemba 1991

Kaka,

Shikamoo.

Barua hii itakukuta tayari umeshaanza, kwa hiyo sitakwambia usianze. Na sina njia nyingine ya kukupa. Nimeitafuta hata kwenye sala.

Uliniuliza mapema sana mzee wa nyumba hii anaumwa nini, nikaruka swali lako. Anaumwa anachoumwa Baba. Mlango wake una komeo kwa nje, na anayelifunga ni mimi. Nikienda sokoni nafunga. Nikipiga deki ngazi nafunga, maana alishawahi kudondoka. Tangu nimefika hapa ni hivyo. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka angalau mmoja wetu awe na kazi anayoweza kumsimulia Baba bila kuona aibu. Ila sasa ninachokijua kinakufaa, kwa hiyo kichukue.

Kwanza atajaribu kitasa. Atakijaribu polepole, kwa adabu, kama mgeni anayedhani amekosea mlango. Kisha atasukuma, na hapo ile skrubu ndefu itakuwa na maana. Kisha ataita. Usimwachie kiti karibu na dirisha. Maji mwekee kwenye kikombe cha plastiki, cha bati atagonga nacho ukutani mpaka mkono uvimbe. Mfiche viatu, asiye na viatu hasumbuki sana na safari. Mpe kitu cha kushika. Wangu nampa taulo, anazikunja na kuzikunjua. Baba mpe kipande cha mkaratusi na msasa, usimpe kisu hata akikuomba vizuri. Chakula kiwe cha baridi tangu mwanzo, asije akasubiri kipoe akasahau. Ndoo iweke kona anayoiona akiwa amelala.

Ukirudi, fungua kwanza, kisha ndiyo utue mashine na unawe. Usimuulize kwa nini macho yamevimba. Hatakumbuka kwamba ulimfungia. Atakuona na atafurahi, kaka, kila siku atafurahi, na hilo jiandae nalo maana mimi sijalizoea.

Shangazi umwambie nimetuma dawa kwa dereva. Mashine ukiiwasha usifikirie nyumbani. Najua ninachosema hakiwezekani, lakini suruali ilishachanika mara moja.

Na jambo moja zaidi. Asubuhi ukishafunga, ondoka. Usisimame nje ya mlango kusikiliza kama atanyamaza. Mimi siku ya kwanza nilisimama. Hanyamazi. Anakusikia unavyopumua, na anaanza kukushukuru kwamba umekuja kumfungulia.

Mdogo wako